Mafuta Yaliyoganda Dirishani

Kwetu, wanawake wakikutana kumtayarisha bibi harusi, hukaa treni. Sijui nani aliliweka jina hilo, maana treni yenyewe haijawahi kufika Gisenyi. Labda ni mmoja wa wale mabibi waliokuja na waume zao wafanyabiashara kupitia Kigoma, wakaona huko mabehewa yalivyofuatana. Mkeka hutandikwa sebuleni, wanawake wakakaa mstari mmoja, kila mtu katikati ya magoti ya mwenzake aliye nyuma. Mbele kabisa yuko bibi harusi. Nyuma yake mama yake mzazi, nyuma ya mama ni bibi, kisha shangazi na mama wadogo mpaka ukutani. Wote vichwa wazi. Mafuta ya nazi yanapita kutoka nyuma kwenda mbele, kila mmoja anampaka aliye mbele yake, anamchana, na midomo haifungwi, kwa sababu hapo ndipo yanaposemwa yale yasiyosemwa mbele ya wanaume.

Na mafuta hayapimwi. Mwanamke mwenye mkono mkavu kwenye treni atasemwa mpaka wajukuu zake wasikie. Yakitiririka yakakufikia shingoni, yakakulowesha mgongo, ndiyo watu wanajua umependwa. Mimi nilipoolewa, mama yangu alinimwagia mpaka mkeka ukaloa, na baadaye ikabidi uanikwe juani kwa muda mrefu.

Siku hizo nilikuwa na kitu cha kupaka. Nasema bila kujivuna, au basi, nijivune kidogo, maana nilichobakiza ni kujivunia cha zamani: nywele zangu zilikuwa nyingi mpaka chanuo lilivunjika humo. Msichana aliyekuwa akinisuka alidai alipwe zaidi, na dada zangu walisema nimewaibia wote tumboni kwa mama. Nilizizoea kama mtu anavyoyazoea meno yake. Halafu zikaanza kuondoka.

Zilianzia mbele, juu ya masikio, pole pole, nikasema ni vilemba ninavyofunga kwa kukaza. Nauza vitenge na mitandio sokoni, na muuza mitandio asiyefunga kilemba kizuri atamuuzia nani? Kisha kukaja muwasho na mba, na utosini pakafunguka duara moja tupu, pana kama kifuniko cha kopo la maziwa ya unga, ngozi inang'aa. Nililigundua kwa vidole nikiwa naoga. Nilirudisha mkono mara ya pili nikidhani nimekosea, nikaurudisha tena. Sikuliangalia kwenye kioo kwa siku nyingi. Nilikuwa naosha kichwa nikiwa nimefumba macho, kama vile mwenyewe nisipoona, halipo.

Wanawake wa Kiislamu tunaweza kuficha kichwa tukiwa nje, hilo ni jepesi. Kazi ni ndani. Ndani ya nyumba yangu nilikuwa natembea kichwa wazi tangu nilipoolewa, na ghafla nikaanza kupika na mtandio, kufua na mtandio, kulala na mtandio. Mume wangu ni dereva wa basi la Kigali, mtu asiye na maneno mengi. Asubuhi moja akiwa anakunywa chai kabla ya safari alinitazama, akasema, "Siku hizi unalalaka na kilemba kama mugeni." Nikamjibu kwamba baridi ya Gisenyi si ya mchezo. Alimaliza chai yake, akaenda. Hakuuliza tena, na kule kutouliza kwake kulinikera kuliko swali lenyewe.

Nyumbani tumebaki watatu: mimi, yeye na binti yetu wa mwisho. Binti huyu anafanya kazi katika hoteli moja ya ufukweni, kwenye chumba cha kukanda wageni. Wageni wanakuja wamechoka na safari za volkano, wanalala kifudifudi, naye anawapaka mafuta ya majani mbalimbali, ya romarini, ya mchaichai, ya mikaratusi. Anarudi nyumbani mikono laini na inanukia. Upande wa baba yake kuna waliosema si kazi ya mtoto wa Kiislamu, ingawa wageni anaowashika ni wanawake tu. Mimi nilimtetea mbele za watu. Moyoni, kusema kweli, sikuwa na uhakika.

Basi akachumbiwa. Kijana mzuri, wa Kigali, familia inayojulikana msikitini. Wazee walipokubaliana na harusi ikawekwa baada ya Ramadhani, vigelegele vilipigwa sebuleni kwangu, nami nikapiga pamoja nao, na huku napiga nikawaza treni. Nikawaza mkeka, mimi nimekaa nyuma ya mwanangu, na mama yangu nyuma yangu anafungua mtandio wangu mbele ya wanawake wote wa ukoo. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, atakuwa hapo. Huyo ana ulimi ambao Gisenyi yote inaujua. Jambo likipita mdomoni mwake leo, kesho liko Goma.

Nilikuwa na miezi kadhaa ya kuotesha nywele.

Nilianza na simu. Nilikuwa najificha nyuma ya vitenge vilivyoning'inizwa, sauti nimeizima, naangalia video za wanawake wa nchi zote wakijimiminia vitu kichwani: maji ya mchele, vitunguu, karafuu, mafuta ya nyonyo. Mteja akija nafunga simu haraka kama mtoto aliyekamatwa na sukari. Nikajaribu vitunguu. Mume wangu akauliza kama nimepika pilau. Nikaacha vitunguu.

Mwishowe nikaona mwanamke mmoja akizungumzia mafuta yale makali, yanayokamuliwa kwenye majani kwa mvuke, ya romarini na ya mnanaa, kwamba yanaamsha mizizi iliyolala. Niliyatambua mara moja. Ni yale yale yaliyokuwa yanakuja nyumbani kwangu kila jioni kwenye mikono ya mwanangu. Ningeweza kumwuliza akiwa ameketi jikoni anakula. Swali la maneno machache tu. Lakini kumwuliza kulikuwa na maana ya kumwonyesha, na mimi nilikuwa tayari kuonyesha kidonda chochote kwa mtu yeyote isipokuwa kichwa changu kwa mwanangu, ambaye tangu mdogo alikuwa akiwaambia wenzake kwamba mama yake ana nywele kama za wanawake wa kwenye kalenda. Basi nikavuka mji mzima kwenda kununua kwa mtu baki.

Ni mama mmoja aliyerudi kutoka Kongo, ana kiduka kwenye barabara iendayo Grande Barrière, mpakani na Goma, sabuni na marhamu upande mmoja, chupa ndogo za rangi ya kahawia upande mwingine. Aliniuliza kichwa ni cha nani. Nikasema ni cha jirani yangu, ananituma, anaona haya kuja.

"Bon," akasema, akanipa chupa ninuse. Macho yalitoa machozi. "Umuambie huyo jirani yako, hii si mafuta ya kupaka kama ile ingine. Hii iko kali. Anaweka matone kidogo sana ndani ya mafuta ingine, ya nazi ao ya nyonyo, anachanganya, donc ndiyo anapaka. Asiipake yenyewe."

"Nitamuambia," nikasema.

"Na haigandi hii, hata kama baridi iko namna gani. Mutu akikuuzishia ya kuganda, jua iko na kitu wameweka ndani."

Nilimlipa, nikafungia chupa kwenye ncha ya kitenge. Njiani nilikuwa nacheka peke yangu. Matone! Nilidhani ni maneno ya wauzaji, ya kumfanya mtu aone kitu kidogo ni cha thamani. Mimi ni mtoto wa treni. Nimelelewa na wanawake ambao mafuta yasipotiririka hawajayapaka. Nikajiambia kwamba nywele zangu zimeondoka, tena nizibembeleze kwa matone? Nitazimwagia.

Nilimwaga. Nilirudi mapema kutoka sokoni, nyumba ilikuwa tupu, nikachukua chupa nikajimiminia utosini na juu ya masikio, nikasugua, nikavaa mfuko wa nailoni juu yake, nikafunga kilemba kwa kukaza ili joto liingie. Kwanza kulikuja ubaridi mtamu. Nikasema dawa inafanya kazi. Kisha ubaridi ukageuka moto, na kabla sijaweza kusimama, mlango ukagongwa, akaingia wifi yangu.

Alikuja kuzungumzia mambo ya harusi na hakuwa na haraka. Nilimtengenezea chai. Kichwa kilikuwa kinaungua kama nimemwagiwa maji ya moto, na machozi yanashuka yenyewe. Nilishindwa kuyazuia. Wifi akaniwekea mkono begani, akasema kwa upole ambao sijauona kwake kabla wala baada, "Usilie, wifi. Mutoto wa kike ni wa kuenda. Na mi nililia vilevile." Nikaitikia. Akavuta pua. "Nani iko na mafua humu? Nyumba yote inanuka dawa." Nikasema ni mimi. Alikunywa chai, akaongeza, akanihadithia harusi ya binti yake tangu mwanzo. Alipoondoka nilikimbilia bafuni, na nilipofungua kilemba, nywele zilizokuwa zimebaki pembeni ya duara zilitoka pamoja na kitambaa.

Jioni mwanangu alirudi kutoka kazini. Alisimama mlangoni hajavua hata viatu. "Mama, leo nyumba inanuka kama kule kazini kwetu."

"Nimepanguza sakafu na dawa," nikamwambia.

Alitazama sakafu. Ilikuwa kavu na ina vumbi la siku nzima. Akasema sawa, akaenda kubadilisha nguo.

Ngozi ilibabuka, ikafanya magamba, nikawa nalala upande mmoja. Mtu mwenye akili angeitupa ile chupa. Mimi niliificha jikoni, nyuma ya chupa ya chai, karibu na jiko la makaa ambako hakuna anayetafuta kitu, na ngozi ilipopona nikairudia, kwa sababu harusi ilikuwa inakaribia na sikuwa na kingine. Safari hii nilikunja uso, nikajiandaa kuungua. Sikuungua. Nilisikia ubaridi kidogo tu, basi. Nikapaka tena siku iliyofuata, nikaongeza. Hakuna moto. Nikajisifu kwamba ngozi yangu imekuwa ngumu, imezoea, mimi si mtu wa kushindwa na majani.

Na chupa haikupungua. Ilikuwa ndogo, nami napaka kila jioni, lakini nikiinua naiona nzito vilevile. Nikasema ni baraka. Niliamini hivyo kabisa, mtu mzima, mfanyabiashara ambaye hakuna anayeweza kumpunja hata kipande cha kitenge.

Muwasho uliisha. Mba ikaisha pia, nikaweza kukaa sokoni siku nzima bila kujikuna kwa kalamu kupitia kilemba. Juu ya masikio paliota vinyweleo laini, vya kitoto, nikawa navipapasa kila mara. Lakini utosi ulibaki vilevile. Kila asubuhi nilipeleka kidole pale, na kila asubuhi nilikuta ngozi.

Wiki kadhaa kabla ya harusi, Jumapili, wifi na wenzake walikuja kupanga siku ya wanawake. Mama yangu alikuwepo pia, ameketi kwenye kiti chake karibu na mlango. Wakagawana nani ataleta mchele, nani atapaka hina. Wifi akasema, "Treni tutaanza asubuhi, mbele ya chakula." Mwanangu alikuwa anakusanya vikombe. Akasema, akiwa bado ameinama, "Mi treni sitaki."

Wote wakamgeukia.

"Hautaki nini?" wifi akauliza.

"Kukaa kwa mukeka, kupakwa mafuta. Ile harufu itaingia kwa robe ya harusi. Nitaenda salon, nitarudi nimemaliza. Nyinyi mutakula, mutapaka hina, ni muzuri vilevile."

Wifi alianza. Alisema hoteli imemharibu. Alisema tangu mtoto huyu aanze kukanda wazungu amesahau mikono iliyomlea. Wengine wakadakia, mmoja akasema pengine ni wakwe wa Kigali wanaona sisi ni washamba, mwingine akasema bora babu zake hawakuliona hili. Mwanangu alisimama na vikombe mkononi, akasikiliza yote. Mama yangu alikuwa anamtazama mjukuu wake tu.

Kisha wifi akanigeukia. "Na wewe, mama yake, unasema nini?"

Ningependa kuandika kwamba niliumia kwa ajili yake. Nilichosikia ni mzigo ukinitoka mabegani. Hakuna treni! Nilivuta pumzi mpaka chini tumboni, nikavaa uso wa mama aliyekosewa, nikasema, "Watoto wa sasa wako na kichwa nguvu, wifi. Mi nilishasema mpaka nikachoka." Sikuwa nimesema lolote. Mwanangu alinitazama, akatabasamu kidogo, akapeleka vikombe jikoni. Usiku ule nilipata usingizi mzuri ambao sikuwa nimeupata kwa miezi.

Wiki zile zote waliendelea kumsema. Sokoni watu waliniuliza kama ni kweli mtoto amekataa mila, nami nikawa natikisa kichwa na kuguna, nikipokea pole zao. Kuna mwanamke aliniambia nimejitahidi kulea, lakini mtoto ni wa dunia. Nikamshukuru.

Siku iliyotangulia siku ya wanawake, jikoni kwangu kulijaa watu na masufuria. Niliogopa mtu ataigundua chupa yangu, nikaihamishia chumbani, nikaiweka dirishani nyuma ya pazia. Usiku mvua ilinyesha, na alfajiri baridi ilishuka kutoka upande wa Busasamana, ile baridi inayofanya watu waongee huku moshi unawatoka mdomoni. Sebuleni nilisikia wanawake wameshaanza kufika. Nikataka kujipaka haraka kabla ya kufunga kilemba cha sherehe. Nikageuza chupa. Hakikutoka kitu.

Nikaitikisa. Nzito, imejaa, haitoi. Nikang'oa kizibo, nikachovya njiti ya kiberiti. Njiti ilitoka na kitu cheupe, kizito, kimeshikamana.

Niliketi kitandani. Kitu kile nakijua tangu sijajua kusoma. Nilipokuwa mtoto, kazi yangu ya asubuhi za baridi ilikuwa kuweka chupa ya mama kwenye beseni la maji ya moto mpaka mafuta ya nazi yayeyuke, yatoke kwenye weupe yawe maji. Nikanusa njiti. Romarini ilikuwepo, mbali, na chini yake ilikuwepo nazi. Jikoni, karibu na makaa, yasingeganda kamwe. Ndiyo maana sikujua.

Mume wangu hawezi kutofautisha mafuta ya kupikia na ya taa. Na sisi tuko watatu.

Nilirudi nyuma moja baada ya jingine. Ile jioni alisimama mlangoni akatazama sakafu kavu. Alitafuta, akaipata chupa. Aliona nilivyokaribia kuimaliza, akajua nimejipaka nini na kwa nini, na pengine aliona na kitambaa nilichotupa kwenye taka na nywele zangu ndani yake. Halafu kwa miezi yote ile alikuwa akiamka, akijaza chupa yangu kwa kipimo chake cha kazini, matone machache na nazi tele, akairudisha nyuma ya chupa ya chai, akiniacha nijisifu kimoyomoyo kwa ngozi ngumu. Hakuniambia kwa sababu aliona jinsi nisivyotaka aone.

Na treni. Harufu kuingia kwenye robe! Mtoto huyu amelala na harufu ya nazi tangu ananyonya. Alipokuwa mdogo ndiye aliyekuwa akilazimisha wanasesere wake wakae mstari.

Aibu iliyonishika pale sijui nifanye nini nayo hata leo. Ya kichwa niliizoea, ilikuwa yangu, naifunga na kitambaa. Hii ilinishika masikio na uso mpaka nikaona joto katika baridi ile. Nilimwacha mwanangu asimame na vikombe mkononi, atukanwe na ukoo mzima kwa ajili ya duara la ngozi, nami nikakaa hapo nikikubali. Tena nikawa nimemkasirikia, ndiyo, kwa dakika chache, nikitaka kujua ni nani alimpa ruhusa ya kujua. Nikalia kidogo. Kisha nikatia chupa mfukoni, nikaenda sebuleni.

Wanawake walikuwa wameenea kwenye viti, hina imeshakorogwa. Mama yangu alikuwa na chupa yake ya nazi miguuni, ameileta kutoka nyumbani kwake ingawa aliambiwa haina kazi, na mtu alikuwa ameiyeyusha. Mwanangu alikuwa amesimama karibu na mlango wa nje, koti mwilini, mkoba begani.

"Moto imefika, mama," akaniambia, pikipiki ikinguruma nje. "Nitarudi mbele ya saa sita."

"Umuambie aende," nikasema.

Nikatandika mkeka mwenyewe. Nikakaa mahali pangu, nikaacha nafasi mbele. Wifi akauliza kuna nini tena. Nikamwambia mama, "Mama, kuja ukae nyuma yangu." Alikuja pole pole, magoti yakimlilia, akaketi. Nikachomoa pini za kilemba mojamoja na kuzishika mdomoni, kwa sababu sikutaka mtu aniongeleshe. Nikavua kilemba. Nikavua na kofia ya chini.

Mtu mmoja alishtuka, akasema "yebabawe" kwa sauti ndogo. Baada ya hapo nilisikia tu kijiko kikiwekwa kwenye bakuli la hina. Sikuinua macho, lakini nilijua wote wanatazama wapi. Wifi ndiye aliyetangulia kusema, na hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu anayemaliza hesabu. "Kumbe ni wewe."

"Ni mimi," nikasema.

Mkono wa mama ulikuwa umesimama hewani juu ya kichwa changu, nilisikia. Kisha kiganja chake kikatua pale pale utosini, kikavu, chenye joto. "Inauma?" akaniuliza. Nikasema haiumi. Akachukua chupa yake akanimwagia, kama siku ile nilipoolewa, mpaka yakanishuka kwenye nyusi na shingoni. Nilitamani ardhi ipasuke. Nilikaa.

Mwanangu alikuwa bado amesimama mlangoni. Alikuja akainama sikioni kwangu. "Mama, funika kichwa," akanong'ona. "Nilishawaambia ni mi sitaki. Walishazoea."

"Vua hiyo koti," nikamwambia. "Kuja."

Alivua. Akakaa mbele yangu, katikati ya magoti yangu, mgongo wake ukinigusa, na nikaona jinsi mabega yake yanavyopanda na kushuka. Nyuma yetu wengine walikuwa wanavua mitandio na kusogea mkekani, mmoja mmoja, na wifi yangu akaketi nyuma ya mama bila kuambiwa. Nilifungua nywele za mwanangu. Ni zangu zile, za zamani, chanuo linakwama humo. Nikatoa ile chupa mfukoni. Mafuta yalikuwa yameyeyuka kwa joto la mwili wangu. Nikaiinamisha juu ya utosi wake, likatoka tone, nikasita. Likatoka jingine. Mkono ulinikumbusha moto, ukakataa kwenda mbele, nikabaki nimeishikilia chupa hewani na wanawake wote wanangoja.

Bibi harusi hageuki kwenye treni, na yeye hakugeuka. Aliinamisha kichwa tu, akakisogeza nyuma mpaka kikagusa kifua changu.

"Mwaga tu, mama," akasema. "Hiyo haichomi."